Jembe Lililorudishwa: Ungamo la Hadharani katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Katika miaka ya 1930, watu wa misheni na maofisa wa serikali katika milima ya Kigezi na upande wa mashariki wa Rwanda walianza kuletewa vitu ambavyo hawakuwa wamevidai. Jembe. Blanketi la hospitali. Vyombo vilivyotoweka jikoni miaka kadhaa nyuma, na fedha ambazo hakuna daftari lililokuwa limeonyesha kwamba zimepungua. Aliyevileta hakukamatwa na mtu. Alikuja kwa miguu yake, akataja alichoiba, akaomba radhi. Haikuwa rahisi kujua la kumfanya. Sheria ina njia ya kushughulika na mwizi anayekana, na kanisa lina njia ya kushughulika na mwenye dhambi anayejificha, lakini mtu anayejishtaki mchana kweupe huwatatiza hakimu na mchungaji pia. Vuguvugu lililowatoa watu hao majumbani mwao tunaliita leo Uamsho wa Afrika Mashariki. Waganda waliwaita wafuasi wake Balokole, yaani waliookoka, na Kiswahili kikalipokea neno hilo na kulifanya walokole, mara kwa heshima, mara kwa kebehi. Watu wakiukumbuka Uamsho, hukumbuka zaidi nyimbo zake na mikutano yake ya maelfu. Mimi naona kiini chake ni lile jembe. Uamsho haukubadilisha fundisho la Kikristo kuhusu dhambi na upatanisho hata nukta moja. Ulibadilisha mahali ambapo msamaha hupimwa. Ulisisitiza kwamba deni alilolilipa Kristo msalabani halimfutii mtu deni la jirani, na kwamba anayedai amesamehewa mbinguni huku cha mwenzake kimelala uvunguni kwake, bado hajaelewa alichosamehewa.

Ili kuona ukubwa wa dai hilo, inafaa kutazama kanisa ambamo lilizaliwa. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS waliingia Buganda mwaka 1877, na Mapadri Weupe wa Kikatoliki wakawafuata mwaka 1879. Kwa Waprotestanti, kuwa Mkristo kulifungamana na kitabu hata waumini wakaitwa wasomaji, na ubatizo ulitanguliwa na kujua kusoma. Kizazi kimoja baadaye dini ilikuwa imekuwa mlango wa shule, wa ukarani na wa uchifu. Dhambi zilizoshughulikiwa na kanisa zilikuwa zile zinazoonekana kwa macho: mitala, ulevi, kwenda kwa mganga. Aliyebainika alitengwa, akazuiwa Meza ya Bwana kwa muda, kisha akarudishwa. Zilizobaki zilikabidhiwa kwa maneno ya Kitabu cha Sala, ambamo waumini wote hukiri kwa pamoja, kwa sauti moja, kwamba wamepotea na wametenda maovu. Ni maneno mazito na mazuri. Lakini katika ungamo linalosemwa na wote kwa pamoja hakuna anayelazimika kutaja chochote. Mwenye shamba na aliyesogeza mpaka wake usiku walipiga magoti kwenye benchi moja, wakasema sentensi ileile, wakatoka nje na mpaka ukabaki pale uliposogezwa. Wakatoliki walikuwa na kitubio, na humo dhambi zilitajwa moja moja, tena padri akiwa na wajibu wa kumdai mwizi arudishe mali. Hata hivyo mambo hayo yaliishia sikioni mwa padri, na aliyekosewa angeweza kufa bila kujua kwamba kosa alilotendewa lilishaungamwa.

Kabla ya makanisa hayo, watu wa nchi hizi hawakuwa wakiishi bila toba. Wagikuyu walikuwa na neno thahu kwa unajisi unaomshika mtu kwa kosa au kwa kuvunja mwiko, na walikuwa na ibada ya kumtapisha mtu uovu wake, mganga akiutaja na mgonjwa akiutema. Katika jamii nyingi za maziwa makuu, kosa kati ya koo mbili lilimalizwa na wazee kwa mnyama na pombe, pande zote zikiwepo. Kosa lilikuwa jambo lililotokea kati ya watu, nalo halikuisha mpaka limalizwe kati ya watu haohao. Kwa hiyo Mkristo wa mwaka 1920 alikuwa ameachwa katikati. Mila ya baba yake ya kutaja na kulipa ilikuwa imehukumiwa kuwa ushenzi, na dini mpya ilikuwa imempa msamaha mkubwa sana, wa milele, ambao hakuambiwa waziwazi unahusianaje na mbuzi wa jirani.

Kiswahili chenyewe kinaonyesha pengo hilo, na hapa naomba nikae kidogo. Dhambi na toba ni maneno yaliyotujia kutoka Kiarabu, yakakaa vinywani mwa Waislamu wa pwani karne nyingi kabla ya Wakristo kuyapokea. Kafara na fidia vilevile. Lakini watafsiri wa Biblia walipofika kwenye jambo lenyewe, kazi ya damu mbele za Mungu, neno lililokaa katika Biblia ya Union ya mwaka 1952 ni upatanisho. Mzizi wake ni pata, na kupatana ni neno la baraza na la sokoni: wagomvi hupatana, na mnunuzi na muuzaji hupatana bei. Haiwezekani kupatana peke yako. Sidhani kama watafsiri walikusudia hoja yoyote, lakini msomaji wa Kiswahili anayesikia upatanisho husikia watu wawili wamekaa ana kwa ana. Uamsho ulilichukua fundisho hilo kwa namna hiyohiyo ambayo neno linasikika.

Gahini ni kilima kilicho kando ya Ziwa Muhazi. Daktari Mwingereza, Joe Church, alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1920 kuendesha hospitali ya misheni, akakutana na njaa ya 1928 na 1929 ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Septemba 1929 alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na imani, na katika kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Walisoma Biblia pamoja, wakasali, wakaachana wakiwa watu wengine. Nsibambi aliacha kazi yake akawa mhubiri asiye na mshahara. Mdogo wake Simeoni, Blasio Kigozi, alikuwa akifundisha Gahini. Hospitalini hapo alikuwapo pia mhudumu, Yosiya Kinuka, aliyechoshwa na magomvi ya kituo. Kinuka alikwenda kwa Nsibambi akiwa na malalamiko juu ya Gahini, akarudi akiwa na malalamiko juu ya nafsi yake. Mwishoni mwa 1933, katika mkutano wa maombi hapo Gahini, mtu mmoja alisimama akaanza kutaja dhambi zake, akafuata mwingine, na mwingine tena, na ratiba yote ikavunjika. Mwaka 1935 moto ulifika Kabale, huko Kigezi. Januari 1936 Kigozi alifariki kwa homa akiwa Uganda, alikokwenda kulihutubia kanisa, na ujumbe aliouacha ulikuwa neno moja la Kiganda, Zukuka: amka.

Katika miaka iliyofuata desturi ilipata sura yake, na sura hiyo bado inajulikana kwa yeyote aliyeketi katika ushirika wa ndugu kuanzia Mbarara hadi Bukoba, Dodoma na Murang'a. Watu hukutana kila juma. Mmoja husimama, husema Bwana asifiwe, hueleza jinsi alivyotembea tangu walipoonana mara ya mwisho, na kama ameanguka hutaja alipoanguka. Huko ndiko wanakokuita kutembea nuruni. Akimaliza, wenzake huitikia kwa wimbo wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, ambao umeimbwa katika lugha nyingi bila kuachwa asili yake. Nadhani wimbo huo haujatazamwa vya kutosha. Hapo hakuna padri wa kutamka maondoleo. Mtu amekwisha kujivua nguo mbele ya watu, naye anahitaji kusikia neno. Wimbo wa wote ndio ulioshika nafasi ya tamko la padri: ushirika mzima, wakulima na wahudumu na wanawake ambao kanisani hawakuwa na mimbari, ulimtangazia msamaha kwa kumsifu aliyeununua. Kisha yalifuata matendo. Mfano wao mpendwa alikuwa Zakayo, mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne. Aliyeiba alirudisha, aliyemchukia mwenzake alimwendea, aliyemdanganya mke wake alirudi nyumbani kusema.

Wapo wanaosema kwamba haya yote yaliletwa kutoka Uingereza. Hawakosi ushahidi. Church na wenzake walikulia katika mikutano ya Keswick, iliyohimiza utakatifu na kujisalimisha, na katika miaka hiyohiyo kikundi cha Oxford kilikuwa kikifundisha kuungama mbele ya wenzako na kurudisha ulichochukua. Mbegu ilitoka nje, sibishi. Lakini mbegu haielezi mavuno. Njia za Oxford zilipungua nguvu Ulaya baada ya kizazi kimoja, ilhali hapa ziliendelea kwa miongo mingi mikononi mwa walei wasio na ofisi wala mishahara, tena vijijini zaidi kuliko mijini. Na mto uligeuza mkondo: mwaka 1947 mhubiri Mganda William Nagenda na Yosiya Kinuka walikwenda Uingereza pamoja na Church, na Mwingereza Roy Hession, aliyeguswa na mafundisho yao, akatoa mwaka 1950 kitabu The Calvary Road kilichosambaa duniani. Maelezo yanayonishawishi ni kwamba Uamsho ulijibu swali ambalo udongo wa hapa ulikuwa ukiliuliza tayari. Ulirudisha kanuni ya wazee kwamba kosa humalizwa mbele ya aliyekosewa. Papo hapo uliivunja kanuni yao nyingine, kwa kuwa mdeni hakuwa tena ukoo. Alikuwa mimi. Wazee waliweza kulipa mbuzi kwa niaba ya kijana wao bila kijana kufungua kinywa. Katika ushirika hakuna aliyeweza kufungua kinywa kwa niaba ya mwenzake.

Hapo ndipo uchungu ulipoingia. Mtu akiungama wizi ambao familia nzima iliula, ameungama kwa niaba ya familia nzima bila kuiuliza. Mume akitaja uzinzi wake mkutanoni, mke huaibika mbele ya majirani, na yule mwanamke mwingine hutajwa bila kuwapo. Wakosoaji wa wakati ule, Waafrika na Wazungu, walilalamika kwamba haya ni makelele, kiburi kilichovaa unyenyekevu, na kwamba wanaojianika hujiona bora kuliko wanaojisitiri. Lalamiko hilo lina ukweli mwingi, na viongozi wa Uamsho wenyewe walilazimika kuwafundisha watu kwamba kuna mambo yasiyofaa mkutano mkubwa, yanayopaswa kuishia kwa aliyekosewa au kwa ndugu wachache waliokomaa. Hata hivyo naona wakosoaji walichanganya dosari ya desturi na kisababishi cha hasira yao. Mwaka 1941 Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, kiliwafukuza wanafunzi 26, akiwamo Nagenda, baada ya mvutano kuhusu maombi ya alfajiri na mahubiri yao. Wanafunzi hao walikuwa wakilaumu wizi na ulegevu chuoni, na walidai kwamba fundisho la dhambi na la damu ya Kristo lilikuwa limepozwa. Kilichowaudhi wakubwa zaidi ya kelele ni kwamba kijana wa ukasisi alithubutu kusema mwalimu wake naye ni mwenye dhambi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba waliofukuzwa hawakuanzisha kanisa lao. Walibaki Waanglikana, wakaendelea kuketi kwenye mabenchi yaleyale pamoja na waliowafukuza. Watu wanaoamini kwa dhati kwamba msamaha hupimwa kati ya mtu na mwenzake hawawezi kuhama kirahisi, maana wakihama watapatana na nani?

Kanuni hiyohiyo iliwashika wamisionari. Kulikuwa na Wazungu waliosimama mbele ya Waafrika wakaomba radhi kwa hasira, kwa dharau na kwa ubaguzi wa mioyoni mwao. Katika ukoloni, ambamo mkubwa hakosei na mdogo ndiye anayesamehewa, jambo hilo halikuwa dogo. Lakini hapa ndipo linapoibuka pingamizi zito kuliko yote, nalo halistahili jibu jepesi. Mzungu aliungama hasira yake kwa mpishi. Nani aliungama ardhi ya Kiambu iliyotwaliwa na walowezi? Mkulima alirudisha jembe la misheni. Nani aliwarudishia Wagikuyu mashamba waliyokuwa wakiyalima kwa majembe yao? Inasemwa kwamba Uamsho uliwafundisha wanyonge kuhesabu dhambi ndogo hadi ya mwisho huku dhambi kubwa ikipita mbele yao na bendera na askari, na kwamba kwa kuugeuza uovu kuwa jambo la moyo wa mtu mmoja uliwapa watawala usingizi mnono.

Historia ya Kenya inalipa pingamizi hilo nguvu, kisha inalipunguza. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ndugu wengi wa Uamsho katika nchi ya Wagikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau. Sababu yao ilikuwa ya upatanisho moja kwa moja: wamekwisha kufunikwa na damu ya Kristo, hawawezi kujifunga kwa damu ya mbuzi. Wengi waliuawa kwa jibu hilo. Katika kanisa la Mtakatifu Yakobo huko Murang'a, lililowekwa kuwa kumbukumbu yao, Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu, alichora ukutani maisha ya Kristo kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa, mazingira yote yakiwa ya milima na watu wa Gikuyu. Mtu anaweza kusema kwamba kukataa kiapo kuliwafaa wakoloni, na mara nyingine kuliwafaa kweli. Lakini wengi kati ya ndugu hao walikataa pia bunduki za askari wa mgambo waliopangwa na serikali, wakabaki bila ulinzi wa upande wowote. Na mwaka 1969, baada ya waziri Tom Mboya kuuawa, watu walipopelekwa Gatundu, nyumbani kwa rais, kula kiapo kipya cha kulinda utawala wa Wagikuyu, ndugu wa Uamsho walikataa tena. Safari hii aliyetaka kiapo alikuwa na serikali mkononi. Aliyekataa mara zote mbili hakuwa kibaraka wa yeyote.

Ninachokubali ni hiki. Ungamo la Uamsho linahitaji mtu wa kusema mimi. Uovu wa dola hauna mimi. Una amri, mafaili na mipaka ya wilaya, na kila aliyeugusa anaweza kuapa kwamba aligusa kipande tu. Desturi iliyojengwa juu ya kauli ya nafsi ya kwanza haikuwa na chombo cha kuusemesha uovu wa namna hiyo. Ilichoweza kufanya ni kulea watu wasioogopa kutajwa, kwa kuwa walikwisha kujitaja wenyewe. Janani Luwum aliokoka mwaka 1948 kupitia mahubiri ya walokole wa Acholi. Februari 1977, akiwa askofu mkuu wa Uganda, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin wakilalamikia mauaji na uonevu. Tarehe 16 mwezi huo akauawa. Festo Kivengere, mtoto wa Uamsho wa Kigezi aliyewahi kufundisha Dodoma, alitoroka usiku kwa miguu kupitia milima hadi Rwanda, kisha mwaka huohuo akachapisha kitabu alichokiita I Love Idi Amin. Kichwa hicho kiliwaudhi wengi, na naelewa kwa nini. Lakini Kivengere hakusema Amin hana hatia. Alisema chuki aliyoiona moyoni mwake mwenyewe ilikuwa dhambi yake, na hiyo alikuwa na haki ya kuiungama. Ya Amin ilibaki ya Amin.

Inabaki Rwanda, na hakuna anayeweza kuandika juu ya Gahini bila kufika 1994. Nchi iliyouzaa Uamsho iliua watu wake kwa mamia ya maelfu, wauaji na waliouawa wakiwa wamebatizwa, mara nyingine makanisani. Hakuna hoja ya kulifunika hilo. Naweza tu kutaja mahali pamoja. Nyamata, katika Bugesera, ndiko walikohamishiwa Watutsi wengi baada ya ghasia za 1959. Kati yao alihudumu mchungaji Yona Kanamuzeyi, mtu wa Uamsho aliyewasaidia wakimbizi bila kuuliza kabila. Januari 1964 askari walimchukua usiku wakamuua kando ya mto Nyabarongo. Joe Church aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka miaka miwili baadaye. Aliyemuua Yona hakuitwa na mtu yeyote kutaja alichofanya. Miaka thelathini baadaye, Nyamata hiyohiyo, maelfu walikimbilia kanisa Katoliki wakauawa humo.

Tangu mwaka 2002 mahakama za gacaca, zilizochukua jina lake kutoka nyasi ambazo wazee walikalia, zilianza kuketi katika vilima vya Rwanda kusikiliza kesi za mauaji hayo, hadi zikafungwa Juni 2012 zikiwa zimesikiliza karibu kesi milioni mbili. Asili yake ni baraza la kale la Kinyarwanda na sheria ya bunge, si Uamsho. Lakini aliyeyajua mambo ya Gahini angeutambua utaratibu wake. Mtuhumiwa alitakiwa asimame mbele ya majirani, ataje alichofanya, alifanya na nani, miili ilitupwa wapi, kisha aombe msamaha. Na aliyepora mali au kuiharibu alitakiwa kurudisha au kulipa. Tofauti ilikuwa moja, na manusura wengi waliiona mapema: huku nyasini, ungamo lilipunguza miaka ya kifungo. Kwa hiyo wapo waliotaja maiti tatu wakanyamaza kuhusu ya nne, na wapo waliosoma msamaha kutoka karatasini wakiwa wameinamisha macho. Mtu wa Gahini wa mwaka 1933 hakupata chochote kwa kulirudisha jembe. Alirudi nyumbani akiwa na jembe moja pungufu, na jirani aliyejua kwamba yeye ni mwizi.